Vocha za Mikweche: Takwimu za Mpango wa Magari wa Marekani na Mahali pa Kuzitafuta

Kati ya Julai na Agosti 2009 serikali ya Marekani ilitumia karibu dola bilioni 2.9 kuwashawishi wananchi waachane na magari ya zamani yanayokula mafuta na wanunue mapya. Aliyepeleka mkweche kwa muuzaji wa magari alipunguziwa dola 3,500 au 4,500 katika bei ya gari jipya. Serikali ilimrudishia muuzaji kiasi hicho, na mkweche ukapelekwa kusagwa kuwa chuma chakavu. Kwa kifupi mpango huo uliitwa CARS, lakini mitaani ulijulikana zaidi kama mpango wa pesa kwa mikweche.

Fedha iliyotumika ilikuwa ya walipa kodi, kwa hiyo kila vocha iliacha kumbukumbu, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ikatolewa hadharani. Kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa uchumi au raia anayetaka kujua pesa ya umma ilikwenda wapi, ni nadra kupata mpango wa serikali uliorekodiwa kwa undani kiasi hiki. Hata hivyo, faili la malipo linajibu swali la aina moja tu: gari gani lilitolewa, gari gani lilichukuliwa, na kiasi gani kililipwa. Kama mpango ulifaa au haukufaa ni swali jingine, na jibu lake limo katika mafaili ya ofisi nyingine. Anayezitafuta takwimu hizi hana budi kujua kila faili lilizaliwaje na linaishia wapi.

Masharti ndiyo yaliyounda takwimu

Sheria ya mpango ilitiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 24 Juni 2009, ikiwa na dola bilioni 1. Usimamizi ulikabidhiwa mamlaka ya usalama wa barabara kuu, NHTSA, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Wauzaji walianza kuwasilisha madai tarehe 24 Julai, na katika muda wa wiki moja ikaonekana wazi kuwa pesa zinakaribia kwisha. Tarehe 7 Agosti zikaongezwa dola bilioni 2, na usiku wa tarehe 24 Agosti mlango ukafungwa.

Gari la zamani lilipaswa kuwa linatembea, liwe na umri usiofikia miaka 25, na liwe limesajiliwa na kukatiwa bima kwa jina la mmiliki huyohuyo kwa mwaka mzima. Sharti hilo la mwisho lilizuia watu kuokota mikweche ya bei rahisi ili tu wachukue vocha. Kwa magari mengi, gari la kutolewa lilitakiwa liwe haliendi zaidi ya maili 18 kwa galoni moja, yaani kama kilomita 7.6 kwa lita. Gari jipya halikutakiwa kuzidi dola 45,000 kwa bei ya kiwandani.

Kiasi cha vocha kilitegemea tofauti ya ulaji wa mafuta. Aliyenunua gari dogo lililolizidi lake la zamani kwa maili 4 hadi 9 kwa galoni alipata dola 3,500. Likizidi kwa maili 10 au zaidi, alipata dola 4,500. Kwa pikapu na magari makubwa ya familia masharti yalikuwa mepesi zaidi: kwa baadhi ya pikapu kubwa, nafuu ya maili 1 tu kwa galoni ilitosha kupata dola 3,500, na maili 2 zilitosha kupata vocha kamili. Anayeyajua masharti haya kabla ya kufungua faili hatashangaa anapokuta pikapu nyingi zimebadilishwa kwa pikapu.

Mstari mmoja unavyozaliwa

Katika faili la malipo, kila mstari ni biashara moja iliyokamilika. Nyuma ya mstari huo kuna lundo la karatasi. Muuzaji alipaswa kuwasilisha kwa njia ya mtandao ankara ya mauzo, hati ya umiliki wa gari la zamani, ushahidi wa usajili na wa bima ya mwaka mzima, usomaji wa maili kwenye dashibodi, na namba za chesisi za magari yote mawili. Hati ya gari la zamani ilipigwa alama ya kuonyesha kwamba ni gari la kutupwa, ili isitumike tena kulisajili popote.

Kisha injini iliuawa. Fundi alimwaga oili yote na kuweka mahali pake takriban lita 1.9 za mchanganyiko wa maji na silikati ya sodiamu, kemikali ambayo ikipata joto hugeuka kuwa kitu kama kioo. Injini iliwashwa na kuzungushwa kwa kasi ya kama mizunguko 2,000 kwa dakika. Maji yalipokauka, silikati iliganda kwenye beringi na mitungi, na injini ikakaza. Baada ya kupoa ilijaribiwa tena, na ikiwaka, kazi ilirudiwa. Milango, viti, taa na vipuri vingine viliruhusiwa kuuzwa, lakini injini haikuruhusiwa, na mwenye yadi ya vyuma chakavu alikuwa na siku 180 za kulisaga au kuliponda gari lenyewe.

Utaratibu huo una faida kwa mtafiti. Muuzaji aliyekosea au kukosa karatasi moja hakulipwa, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kujaza taarifa kwa uangalifu. Tena, kwa kuwa hakuna gari lililozidi miaka 25, karibu yote yalikuwa na namba ya chesisi ya tarakimu na herufi 17, mtindo uliowekwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1981. Namba hiyo humtaja mtengenezaji, aina ya gari, mwaka na kiwanda, hivyo mtu anaweza kuitumia kuhakiki kilichoandikwa kwenye safu nyingine. NHTSA yenyewe ina chombo cha bure mtandaoni cha kuisoma.

Faili kuu na mahali lilipo

Mpango ulipomalizika, NHTSA ilitoa faili la miamala mmoja mmoja, la kufunguliwa kwa programu za lahajedwali au hifadhidata. Ndani yake kuna jina la muuzaji na jimbo lake, tarehe ya mauzo, kiasi cha vocha, aina na mwaka wa gari la zamani pamoja na maili zake, aina na mwaka wa gari jipya, na ulaji wa mafuta wa magari yote mawili. Majina ya wanunuzi hayamo, na hayo ni matakwa ya sheria za faragha.

Wakati wa mpango taarifa zote zilikuwa kwenye tovuti ya cars.gov. Tovuti za mipango ya muda huwa hazidumu: bajeti ikiisha, anwani huelekezwa kwingine na viungo vya zamani hukatika. Kwa sababu hiyo utafutaji huanzia sehemu tatu. Ya kwanza ni kwa NHTSA na Wizara ya Uchukuzi wenyewe, ambako ripoti na mafaili ya zamani huhamishiwa kwenye kumbukumbu zao. Ya pili ni Data.gov, ghala la takwimu la serikali kuu lililofunguliwa Mei 2009, wiki chache tu kabla ya mpango kuanza. Ya tatu ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nakala za tovuti kwa tarehe: ukiandika anwani ya cars.gov na kuchagua tarehe ya mwaka 2009 au 2010, unaziona kurasa kama zilivyokuwa siku ile, pamoja na maelezo ya masharti ambayo bila hayo safu nyingi hazieleweki.

Pamoja na faili la miamala kuna nyaraka mbili za kusomwa mapema. Moja ni ripoti ambayo NHTSA iliipeleka kwa Bunge la Marekani mwishoni mwa 2009, yenye jumla rasmi na makadirio ya faida. Ndani yake mamlaka ilikadiria kuwa mpango ungeokoa galoni milioni 824 za mafuta katika miaka 25. Nyingine ni ripoti ya 2010 ya GAO, ofisi ya ukaguzi inayowajibika kwa Bunge, kuhusu mafunzo yaliyopatikana katika uendeshaji wa mpango. Ya kwanza imeandikwa na aliyetumia pesa na ya pili imeandikwa na aliyemkagua, kwa hiyo ni vyema zikasomwa kwa pamoja.

Kisichopatikana kwa njia hizo kinaweza kuombwa. Sheria ya Marekani ya uhuru wa kupata taarifa, iliyopitishwa mwaka 1966, inampa haki hiyo mtu yeyote, si raia wa Marekani peke yake. Hata aliyeko Mwanza au Mombasa anaweza kuandika. Ofisi inayopokea ombi ina siku 20 za kazi kutoa uamuzi, ingawa maombi makubwa huchukua muda mrefu zaidi. Ombi linalofanikiwa huwa limetaja kumbukumbu kwa usahihi: jina la mpango, kipindi, safu zinazotakiwa, na aina ya faili. Anayeomba kila kitu kuhusu CARS huishia kusubiri, au kudaiwa ada ya kutafuta na kunakili. Taarifa binafsi za watu na siri za kibiashara zinaweza kuzuiwa kisheria, lakini ofisi hulazimika kutaja kipengele inachokitegemea, na mwombaji ana haki ya kukata rufaa.

Vyombo vya habari vilionyesha umuhimu wa kuwa na faili lenyewe badala ya taarifa za serikali kwa vyombo vya habari. Shirika la Associated Press lilipochambua miamala hiyo mwishoni mwa 2009, liligundua kuwa badilishano lililotokea mara nyingi kuliko yote, zaidi ya mara 8,200, lilikuwa la mtu kutoa pikapu ya Ford F-150 ya zamani na kuchukua Ford F-150 mpya. Orodha rasmi za magari yaliyoongoza hazikuonyesha hilo, kwa kuwa ziliorodhesha magari yaliyotolewa upande mmoja na yaliyonunuliwa upande mwingine, bila kuyaunganisha mawili mawili.

Jumla rasmi na namna ya kuipima

Siku mbili baada ya mpango kufungwa, Wizara ya Uchukuzi ilitangaza kuwa yamepokelewa madai 690,114 yenye thamani ya dola milioni 2,877.9. Hesabu ndogo inatosha kupima kama namba hizo zinaafikiana. Ukigawa fedha kwa idadi ya madai unapata wastani wa kama dola 4,170 kwa dai. Kwa kuwa kulikuwa na vocha za aina mbili tu, za 3,500 na za 4,500, wastani huo unamaanisha kuwa karibu theluthi mbili ya wanunuzi walipata vocha kamili. Mtu akihesabu faili lake na kupata wastani ulio chini ya 3,500 au juu ya 4,500, ajue kuna kosa: ama kiasi cha vocha kimeandikwa vibaya katika baadhi ya mistari, ama kuna miamala iliyofutwa ambayo bado imo.

Idadi ya mwisho ya miamala iliyolipwa ilikuwa karibu 678,000. Tofauti ya maelfu na ile ya Agosti inatokana na madai yaliyokataliwa, yaliyoondolewa na yaliyowasilishwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana maandiko mbalimbali yanataja jumla zisizofanana na yote yakawa sahihi, kila moja kwa tarehe yake. Anayetumia jumla yoyote anapaswa kuitaja pamoja na tarehe, na kusema kama inahusu madai yaliyopokelewa au yaliyolipwa.

Mitego katika safu

Mtego wa kwanza ni jina la gari. Orodha ya serikali ilifuata utaratibu wa shirika la mazingira, EPA, ambao huhesabu gari lilelile kama magari tofauti kulingana na injini na mfumo wa magurudumu. Ford Explorer inayoendeshwa kwa magurudumu manne ni aina moja, na ya magurudumu mawili ni nyingine. Zote mbili zimo miongoni mwa magari matano yaliyotolewa kwa wingi zaidi, kila moja kwa nafasi yake. Mpango ulipokuwa ukiendelea, kampuni ya habari za magari ya Edmunds ilijumlisha aina zote za gari moja na kupata mpangilio tofauti: Ford Escape ikapanda hadi juu upande wa magari yaliyonunuliwa, ilhali orodha ya serikali ilikuwa imetanguliza magari madogo. Hakuna upande uliodanganya, vipimo vilitofautiana. Kabla ya kutangaza gari lililoongoza, mtafiti aamue kwanza kipi kinahesabiwa kuwa gari moja, na aseme hivyo wazi.

Mtego wa pili ni wastani wa mafuta. Serikali ilisema magari yaliyotolewa yalikuwa na wastani wa maili 15.8 kwa galoni na mapya 24.9. Ni rahisi kudhani kuwa nafuu ya maili 9 ina uzito uleule kwa kila gari, lakini sivyo. Katika safari ya maili 10,000, anayetoka maili 14 kwa galoni kwenda 18 anaokoa galoni 159, na anayetoka 25 kwenda 35 anaokoa 114 tu, ingawa nafuu yake inaonekana kubwa zaidi kwa macho. Njia salama ni kugeuza kila mstari kuwa kiasi cha mafuta kinachotumika kwa umbali fulani, ndipo kutafuta wastani. Kwa gari la wastani wa mpango, safari hiyo ya maili 10,000 ilipungua kutoka galoni 633 hadi 402, yaani akiba ya takriban lita 875.

Mtego wa tatu ni mahali. Anwani iliyomo ni ya muuzaji. Anayechora ramani ya vocha kwa anwani hizo anachora ramani ya maduka ya magari, na maduka hayo hukusanyika kandokando ya barabara kuu nje ya miji. Haionyeshi wanunuzi waliishi wapi, wala kama walikuwa matajiri au maskini.

Mtego wa nne ni magari ya ajabu. Miongoni mwa magari yaliyotolewa yamo majina ya fahari kama Bentley na Aston Martin, na majina hayo yamewahi kusambazwa mtandaoni kama kichekesho. Baadhi yanaweza kuwa ya kweli na mengine makosa ya kujaza fomu. Kinachotegua kitendawili hicho ni namba ya chesisi: ikisema gari ni la mtengenezaji mwingine, mstari huo unawekwa kando. Vivyo hivyo kwa maili za dashibodi. Dashibodi za magari mengi ya miaka ya 1980 zilikuwa na tarakimu tano tu na zilirudi sifuri baada ya maili 99,999, kwa hiyo gari la miaka ishirini lenye maili 12,000 si lazima liwe lilikaa gereji.

Mafaili ya kuambatanisha

Faili la miamala hupata nguvu linapowekwa bega kwa bega na mengine matatu.

La kwanza ni la ulaji wa mafuta. Tovuti ya fueleconomy.gov, inayoendeshwa na Wizara ya Nishati pamoja na EPA, ina viwango vya magari tangu mwaka 1984, na ndiyo iliyotumika kuamua nani anastahili. Viwango vya magari kadhaa vilirekebishwa mwezi huohuo wa Julai 2009, na baadhi ya magari yakavuka mstari wa maili 18, mengine yakiingia na mengine yakitoka. Mtafiti anayetumia viwango vya leo anaweza kukuta magari yanayoonekana hayakustahili, kumbe siku ya mauzo yalistahili.

La pili ni la mauzo ya magari kwa mwezi. Takwimu hizo hutolewa na ofisi ya uchambuzi wa uchumi, BEA, na hupatikana kirahisi kupitia FRED, hifadhidata ya bure ya tawi la St. Louis la Benki Kuu ya Marekani. Humo athari inaonekana kwa macho: kasi ya mauzo, ikikadiriwa kwa mwaka, ilipanda hadi kama milioni 14 mwezi Agosti 2009, kisha Septemba ikaporomoka hadi chini ya milioni 10.

La tatu ni la usajili wa magari. Hili hushikwa na majimbo na kampuni binafsi, na mara nyingi hununuliwa au huombwa kwa masharti. Ni gumu kulipata kuliko mengine, lakini ndilo pekee linaloonyesha pia watu ambao hawakuchukua vocha.

Swali ambalo faili la malipo haliwezi kujibu

Kila aliyemo katika faili la malipo alinunua gari. Faili halisemi nani angenunua hata bila vocha. Hapo ndipo ubishi mkubwa ulipozuka. Oktoba 2009 kampuni ya Edmunds ilikadiria kuwa ni magari kama 125,000 tu yaliyouzwa kwa sababu ya mpango, na kwamba mengine yangeuzwa vyovyote iwavyo. Ukigawa dola bilioni 3 kwa magari hayo, kila moja lilimgharimu mlipa kodi dola 24,000. Ikulu ya Marekani iliyapinga makadirio hayo hadharani. Pande zote mbili zilikuwa na namba zilezile za vocha. Walichotofautiana ni dhana ya nini kingetokea kama mpango usingekuwepo.

Watafiti walilishughulikia swali hilo kwa kutafuta watu au mahali pa kulinganisha. Atif Mian na Amir Sufi, katika utafiti uliochapishwa 2012, walilinganisha miji ya Marekani iliyokuwa na mikweche mingi kabla ya mpango na ile iliyokuwa na michache. Kama mpango ulifanya kazi, mauzo yalipaswa kupanda zaidi katika miji ya kundi la kwanza. Ndivyo ilivyokuwa: walikadiria ongezeko la magari 370,000 katika miezi ile miwili. Lakini miezi iliyofuata miji hiyohiyo iliuza pungufu, na kufikia Machi 2010 karibu ongezeko lote lilikuwa limefutika. Watu walikuwa wamewahisha tu ununuzi waliokuwa wameukusudia.

Shanjun Li na wenzake walichukua Kanada kama kioo, nchi jirani yenye soko linalofanana lakini isiyokuwa na mpango wa ukubwa ule. Mark Hoekstra, Steven Puller na Jeremy West nao walikwenda Texas, wakatumia kumbukumbu za magari ya kaya. Walilinganisha kaya zenye gari la maili 18 kwa galoni, zilizostahili, na zenye gari la maili 19, zilizokosa kwa maili moja. Kaya hizo zilifanana karibu kwa kila kitu isipokuwa haki ya vocha. Waligundua kuwa karibu asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa watu ambao wangenunua gari ndani ya miezi ileile miwili. Waligundua pia jambo ambalo halikutarajiwa: kwa kuwa masharti yaliwasukuma watu kwenye magari madogo yasiyotumia mafuta mengi, ambayo pia ni ya bei nafuu, jumla ya pesa iliyotumika kununua magari mapya ilipungua. Mpango ulioanzishwa ili kuchangamsha viwanda vya magari uliviletea fedha kidogo kuliko ambavyo vingepata.

Hakuna hata moja ya matokeo hayo ambalo lingepatikana kutoka faili la malipo peke yake. Kila mara ilihitajika orodha ya watu wasiolipwa.

Ulinganisho na Ujerumani

Mipango kama huo ilikuwepo mwaka uleule katika nchi nyingine, na kila nchi iliacha takwimu za namna yake. Ujerumani ililipa yuro 2,500 kwa gari lenye umri wa miaka 9 au zaidi, ikaanza na yuro bilioni 1.5, ikapandisha hadi bilioni 5, na kufunga mwanzoni mwa Septemba 2009 baada ya karibu magari milioni 2. Malipo yalisimamiwa na ofisi ya shirikisho iitwayo BAFA. Mmiliki alihitaji cheti cha kuonyesha gari lilipelekwa kwa mbomoaji, lakini injini haikuuawa kwanza kama Marekani. Chama cha wapelelezi wa jinai wa Ujerumani kilidai kuwa magari yapatayo 50,000 yaliyolipiwa huenda yalisafirishwa kinyemela kwenda Afrika na Ulaya Mashariki badala ya kubomolewa.

Kwa mtafuta takwimu, kisa hicho kina somo la moja kwa moja. Katika kumbukumbu za malipo gari la namna hiyo limekwisha kufa, ilhali katika kumbukumbu za forodha na usajili za nchi lilikofikia lingali hai. Namba ya chesisi ndiyo inayoweza kuyaunganisha mafaili hayo mawili, na ndiyo sababu inafaa kuulizwa mapema kama mamlaka imeitoa yote, imeikata, au imeificha.

Mpangilio wa kazi

Kazi nzima, basi, ina hatua zinazofuatana. Kwanza husomwa sheria na masharti, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza kwa nini safu fulani ipo na nyingine haipo. Kisha hutafutwa faili la miamala katika ofisi iliyosimamia, katika ghala la takwimu la serikali, na katika kumbukumbu za tovuti za zamani. Likikosekana, huombwa kisheria. Faili likipatikana hupimwa dhidi ya jumla iliyotangazwa, huondolewa mistari iliyojirudia na iliyofutwa, na namba za chesisi hutumika kuhakiki majina ya magari. Nakala ya awali huhifadhiwa bila kuguswa, na kila mabadiliko huandikwa ili mwingine aweze kuyarudia.

Mwisho huamuliwa swali. Kama ni kujua pesa zilikwenda kwa nani na kwa magari gani, faili la miamala linatosha. Likiwa ni swali la mafuta, huongezwa viwango vya EPA vya wakati ule. Na likiwa ni kama mpango ulileta chochote ambacho kisingetokea bila huo, lazima patafutwe takwimu za waliokosa vocha, iwe ni miji, kaya au nchi jirani, na matokeo yatolewe pamoja na dhana iliyoyazaa.